Uzi: Nimemlaza bi mkubwa Kilimanjaro, hoteli aliyokuwa akitandika vitanda. Tujadili hoteli za majengo ya zamani Dar

Mtoto wa Buguruni (mleta uzi)

Wakuu, habari za Jumapili. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka zake apite tu.

Mama yangu alifanya kazi Hoteli ya Kilimanjaro miaka ya sabini, idara ya vyumba. Kutandika, kufuta vumbi, kubadilisha taulo, kesho tena. Kazi hiyo ndiyo iliyotulipia ada. Tumekua tukisikia stori za "Kili" mpaka tunazijua kwa kichwa: mgeni aliyelala na viatu, mgeni aliyeacha saa ya dhahabu bafuni ikarudishwa, mgeni aliyetaka chai ya rangi saa nane za usiku. Ila kulala pale yeye mwenyewe haijawahi kutokea. Mfanyakazi wa hoteli anavijua vyumba vyote na hana hata kimoja.

Mwaka huu mimi na dada zangu tukachanga, kila mtu alichojaliwa, tukamchukulia chumba kinachotazama bandari. Siku hizi inaitwa Hyatt Regency, kabla ya hapo ilikuwa Kempinski. Lakini panda bodaboda pale Posta, mwambie nipeleke Kilimanjaro, hakuulizi ipi.

Tumefika mapokezi, kijana akampa bi mkubwa shikamoo na kiti. Akaitikia marahaba, kiti hakukalia. Yuko anaangaza macho huku na huku. Nikamuuliza mama unatafuta nini. "Tulipokuwa tunapitia sisi." Hakupaona, ndani kumebadilishwa sana.

Chumbani sasa. Mtu mwingine angekimbilia dirishani. Yeye aliinua pembe ya godoro kuangalia kona ya shuka. Walioifanya kazi hii wanajua: shuka kwenye kona inakunjwa mshazari, nyuzi 45, halafu inabanwa chini ya godoro mpaka mgeni akijigeuza usiku kucha haichomoki. Akaivuta kidogo. Haikuchomoka. Akapitisha kidole juu ya fremu ya mlango, mahali ambapo hakuna mtu anaangalia, akakigeuza kwenye mwanga. Kisafi. Ndipo akavua viatu, akakaa kitandani, akasema, "Wamefundishwa." Kama humjui mama yangu, hizo ni nyota tano na cheti juu.

Jioni tulikaa dirishani mpaka giza likaingia. Pantoni zinakwenda Kigamboni na kurudi, meli zinasubiri zamu, paa la vigae vyekundu la kanisa la Azania Front lipo palepale chini yako. Yeye anatuonyesha nani alikuwa anakaa wapi, wapi palikuwa na duka la nini. Mji mzima kwake ulikuwa na majina mengine.

Asubuhi nimeamka nakuta kitanda chake kimeshatandikwa. Binti wa usafi alipoingia akasimama mlangoni akidhani amekosea chumba. Wakaongea karibu nusu saa, binti anamwita bibi, bibi anamwonyesha walivyokuwa wanakunja taulo enzi zao. Na kuna kitu nimejifunza hapo: bakshishi ya mtu wa usafi usiitupe tu mezani. Iweke juu ya mto na kikaratasi umeandika asante. Bila kikaratasi, mhudumu mwaminifu haigusi, anajua umesahau hela yako.

Sasa swali langu kwa wajuzi. Dar hii tuna hoteli gani nyingine ya hadhi iliyo ndani ya jengo lenye historia? Maana nikiangalia pale Kivukoni naona vioo tu, vioo na vioo.

Kitanda Chuma

Nimesoma yote, mimi ambaye sisomi. Mama apewe maua yake. Picha vipi?

Mtoto wa Buguruni

Mama hataki kuwekwa mtandaoni. Picha ya kona ya shuka ninayo, ukitaka nakutumia 😂

Mzee wa Mzizima

Hongera kijana, umefanya jambo. Ila tuwekane sawa kidogo: Kilimanjaro ilifunguliwa 1965. Mimi nimezaliwa kabla yake na sijaitwa wa kale.

Ukitaka majengo ya kale ya Dar yenye habari ya kulaza wageni, anza na Old Boma, ile nyumba nyeupe Barabara ya Sokoine ukiwa unaelekea boti za Zanzibar. Ilijengwa 1866 hadi 1867 zama za Sultani Majid bin Said. Na ilijengwa ya nini? Ya kufikishia wageni wa Sultani, kasri lake likiwa jirani. Maana yake moja ya majengo makongwe kabisa tuliyobaki nayo katikati ya mji lilianza kama nyumba ya wageni. Kuta za mawe ya matumbawe, mlango wa kuchonga wa Kiunguja. Majid akafariki 1870, mji wake ukalala, Wajerumani walipohamisha makao kutoka Bagamoyo 1891 wakaikuta imesimama wakaitumia. Sasa imekarabatiwa, humo ndani kuna kituo cha urithi wa majengo ya Dar kinaitwa DARCH. Unaingia, unatazama maonyesho, unatoka. Kulala hakuna.

Ya pili, Kaiserhof. Hoteli kubwa ya Wajerumani, ilikuwa palepale ilipo New Africa leo. Mwingereza alipochukua nchi ikaitwa New Africa, na jengo lile likaendelea kulaza watu mpaka baada ya uhuru. Baadaye likabomolewa, likasimama hili ghorofa la sasa. Jina limebaki, kiwanja kimebaki, jengo halipo.

Ya tatu ni Dar es Salaam Club, Kivukoni, klabu ya Wazungu. Baada ya uhuru ikawa Hoteli ya Forodhani, watu wamefundishwa uhoteli mule. Halafu likaja kuwa jengo la Mahakama ya Rufani. Ikawa unaingia mule ukiwa na kesi.

Jibu la swali lako kwa hiyo ni fupi: hakuna. Tulikuwa nazo, moja tukaivunja, nyingine tukaipa majaji.

Ngosha wa Kigamboni

Na mimi niseme ukweli hata kama mtanichukia. Kaiserhof ikivunjwa mimi inaniuma nini? Babu yangu angekatiza mlango wa mbele pale angefukuzwa. Klabu ya Kivukoni ndiyo usiseme. Mji ule ulipangwa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, kila mtu na eneo lake, na babu zetu walikuwa Kariakoo na Ilala huko. Leo tunalia majengo ya nani? Watu wanatafuta hela ya kupiga picha kwenye ngazi za mkoloni.

Mtoto wa Buguruni

Ngosha, sikuchukii, na ndiyo maana simkubalii Mzee kwamba 1965 si kitu.

Fikiria Dar ya mwaka huo. Uhuru una miaka minne, Muungano una mwaka mmoja. Kamati ya Ukombozi ya OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, iko hapa tangu 1963, wapigania uhuru wa Msumbiji, Angola, Afrika Kusini wote wanapita mjini. Nchi changa haina hela, ila inajenga hoteli kubwa ufukweni ambayo mtu yeyote mwenye nauli ya chumba anaingia kwa mlango wa mbele, awe mweusi awe nani. Na wanaotandika ni kina mama yangu, wanalipwa na shirika la umma. Nipe jengo la Mjerumani na nipe hilo, nachagua hilo. Kama kuna ukale unaotuhusu, ndio huo.

Na jengo lenyewe lingeweza kupigwa chini kama Kaiserhof. Lilikarabatiwa. Ndani kumevuliwa kila kitu, sawa, lakini umbo ni lile, na mama alijua dirisha lake linatazama wapi kabla pazia halijafunguliwa.

Mzee wa Mzizima

Hapo umenikamata. Nakuachia.

Ila mjue kwa nini haya mambo yanapotea kirahisi. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ni ya 1964. Inalinda moja kwa moja jengo lililojengwa kabla ya 1863. Sasa hesabu wenyewe: Old Boma 1866. Hospitali ya Ocean Road 1897. Kanisa la Mtakatifu Joseph na Azania Front yalimalizika mwanzoni mwa miaka ya 1900. Karibu Dar nzima imezaliwa baada ya mstari. Jengo lililojengwa baadaye linasubiri waziri alitangaze kwenye Gazeti la Serikali ndipo lilindwe. Lisipotangazwa, au likitangazwa halafu likaondolewa, mwenye kiwanja anapiga hesabu: ghorofa mbili za mawe au ghorofa ishirini za vioo. Hiyo hesabu hata mtoto wa darasa la tatu anaijua jibu.

Shangazi Upanga

Mleta uzi, mwanangu, Mungu akubariki kwa mama yako. Ngoja nikupe njia ya pili: vuka maji.

Ukitoka hapohapo mbele ya Old Boma unapanda boti, kama saa mbili hivi uko Unguja. Mji Mkongwe umo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2000, na kule hoteli za majengo ya zamani ndiyo zenyewe. Nitataja ninazozijua.

Park Hyatt iko kwenye Mambo Msiige, nyumba ya katikati ya karne ya 19, palepale Shangani baharini. Ilifunguliwa kama hoteli 2015. Wazee wa Unguja wanasimulia mwenye nyumba alitia mayai kwa maelfu kwenye chokaa ili ukuta ushike. Kweli au stori, ukuta upo. Ila angalia: hoteli ina sehemu ya zamani na jengo jipya pembeni, na lile jipya lilileta mvutano mrefu na watu wa UNESCO. Ukilipa hela yako bila kuuliza unaweza kulazwa kwenye jipya, ukarudi Dar unasema umelala jumba la kale.

Africa House ilikuwa klabu ya Waingereza tangu 1888 (Ngosha hiyo usiende 😄). Watu wanaijaa jioni kutazama jua likizama. Serena iko kwenye majengo mawili ya zamani, moja lilikuwa la kampuni ya telegrafu, zile simu za maandishi. Emerson on Hurumzi ni ghorofa juu ya ghorofa, kitanda cha Kiswahili cha kupanda kwa kistuli, chakula unakula juu ya paa adhana zinaanza msikiti mmoja baada ya mwingine. Mimi pale ndipo roho yangu ilipo.

Mtanzania uliza bei ya wakazi, nenda na kitambulisho cha NIDA, usione aibu. Tofauti na bei ya mgeni ni kubwa. Ile bima ya kuingia Zanzibar ya dola 44 iliyoanza Oktoba 2024 ni ya wageni wa nje, isikuhusu.

Kitanda Chuma

Shangazi umesahau kusema kuhusu ngazi.

Shangazi Upanga

Nilikuwa nakuja huko. Nyumba nyingi hazina lifti na huwezi kuiweka bila kuvunja. Ngazi zenyewe zimesimama, kila kidato na kimo chake. Mama mwenye magoti, omba chumba cha chini na uandikiwe kwenye barua pepe, usikubali "tutaona ukifika". Kuna moja, siitaji, niliahidiwa chumba cha chini nikapewa cha tatu, vijana wakanibebea begi huku wanacheka. Begi walibeba. Mimi nani angenibeba?

Fundi Chokaa

Salaam wakuu. Mimi hii ndiyo kazi yangu, nimepiga plasta majumba ya mawe Unguja, Bagamoyo na hapa mjini, kwa hiyo nitaongea ya upande wetu, maana mgeni anaona taa na mapazia tu.

Nyumba hizi ni mawe ya matumbawe, udongo na chokaa. Dari ni boriti za mikoko. Boriti nzuri ya mkoko haiwi ndefu, ndiyo maana vyumba vya zamani ni vyembamba, upana wa mita tatu au pungufu, halafu virefu. Ukiingia "chumba cha kale" cha mita sita kwa sita jua kuna ukuta umeondolewa hapo, na kuna chuma kimefichwa juu yako.

Ukuta ule unanyonya maji kutoka chini na kuyatoa kwa hewa, kila siku. Chokaa inaruhusu. Saruji hairuhusu. Anakuja mkandarasi, ana haraka, bosi anataka kufungua hoteli mwezi wa sita, anapiga saruji juu ya matumbawe na rangi ya mafuta juu yake. Mwaka wa kwanza panang'aa. Baadaye maji yanatafuta njia, chumvi inatoka, plasta inatengana na ukuta. Gonga kwa kiganja: ukisikia mlio mtupu, imeshaachia, inasubiri siku ya kuanguka. Chokaa nzuri inataka kuzimwa kwenye shimo na kukaa wiki nyingi, ikiwezekana miezi, halafu inapigwa safu nyembamba na kusubiriwa. Nani ana miezi?

Adui mkubwa kuliko wote ni bafu. Nyumba haikujengwa kuwa na bafu sita ghorofa ya pili. Bomba linapitishwa ndani ya ukuta, linavuja kidogokidogo, hakuna anayeona, maji yanakwenda kwenye vichwa vya boriti palipoingia ukutani, ndipo panapooza. Unalala vizuri kabisa chini ya dari iliyoshikwa na mazoea.

Kwa hiyo ukienda kukagua usianze na kitanda. Angalia ukuta chini, sentimita 50 kutoka sakafuni, nyuma ya kabati. Kuna unga mweupe? Harufu ya ukungu wanayoifunika na marashi? Halafu zima kiyoyozi, fungua dirisha la mbao, kaa kidogo. Nyumba iliyokarabatiwa na mtu anayejua, ukuta mnene na ua wa katikati bado vinafanya kazi, utasikia upepo unapita. Iliyokarabatiwa kwa picha, bila kiyoyozi hukai dakika kumi.

Beit al-Ajaib, lile Jumba la Maajabu la Unguja, mliona wenyewe. Jumba la 1883, likaanguka upande mzima tarehe 25 Desemba 2020, watu wakafa, na mafundi walikuwa kazini. Majumba haya ukiyachelewesha hayakusubiri.

Ngosha wa Kigamboni

Fundi, wewe ungelinda jengo la mkoloni?

Fundi Chokaa

Ngosha, mawe yalivunjwa na nani? Chokaa ilichomwa na nani, boriti zilitoka Rufiji na nani? Mkoloni alikuwa kivulini anaangalia ramani. Nikikuta alama za mwiko wa fundi wa miaka mia ile kwenye ukuta, vidole vyake vimebaki palepale alipofunika tundu, huyo simuiti mkoloni.

Ngosha wa Kigamboni

Haya. Hiyo nimeielewa. Ila Klabu ya Kivukoni bado siipendi.

Mama Ntilie Mstaafu

Mbona hamuongelei chakula? Hoteli hizi za bei mbaya asubuhi wanaweka vitumbua na maharage ya nazi siku hizi, wameshtuka. Ila vitumbua vya hotelini vingi vimepoa, vimekaa kwenye bati la moto mpaka vimekauka pembeni. Kitumbua kinaliwa mafuta bado yanalia. Kama upo Kivukoni, shuka Feri asubuhi ule supu ya pweza, urudi kulala kwenye shuka zako za kona.

Mtoto wa Buguruni

Mama Ntilie umeua 😂 bi mkubwa alikula uji na mkate, akasema mambo mengine ataonja nyumbani.

Fundi, Shangazi, Mzee, nashukuru sana, nimenakili kila kitu. Tumekaa na dada zangu, tunataka mwezi wa saba twende Unguja, chumba cha chini, upande wa zamani, kwa maandishi. Swali la mwisho la mahesabu: kuna la kushtukiza kwenye bili?

Shangazi Upanga

Uliza kama bei imeshabeba kodi zote, ya mtu kulala na ya serikali. Hata hapa Bara uliza, VAT ya kawaida ni asilimia 18, na bei nyingine hutangazwa bila hiyo. Na waambie wakupe kwa shilingi. Tangu kanuni za 2025 bei za ndani ya nchi zinatakiwa ziwe kwa shilingi, asikuletee hesabu ya dola na kiwango chake cha kubadilishia alichokitunga asubuhi.

Mtoto wa Buguruni

Limeeleweka. Kilichobaki ni boti. Mama hajapanda boti tangu sijui lini, na mwezi wa saba nasikia bahari inachafuka.

Ngosha wa Kigamboni

Kusi inavuma mwezi huo, usidanganywe. Kata tiketi ya boti ya asubuhi, upepo haujaamka vizuri. Asikae juu wala mbele, akae chini katikati, upande wa nyuma kidogo. Asiende na tumbo tupu wala asijaze. Tangawizi mbichi kipande mkononi, atafune pole pole mkishatoka nje ya mlango wa bandari, maana hapo ndipo inapoanza.

Kitanda Chuma

Na picha ya kona ya shuka bado naisubiri.